Karani Alipotaka Kuwapatanisha Watani

Juzi nilikuwa katika ofisi ya Bwana Shauri, afisa wa Serikali wa wilaya, Ifakara, watu wa bondeni wakigawiwa viwanja vya mlimani, kwa kuwa inasemekana mto utazibwa na mashamba yao yatamezwa na maji.

Mbele yangu walisimama bibi mmoja na mzee mmoja, majirani wa siku nyingi.

"Huyu ni mwizi wa mpunga," bibi alimwambia karani, akimwonyesha mzee kwa kidevu. "Hata ndege wa shambani hujifunza kwake."

"Usimsikilize, Bwana Karani," mzee akajibu. "Mto wenyewe unahama kwa sababu ya sura yake."

Mimi niliyezunguka Tanganyika nzima nikijiita mjuzi wa watu, nilijibanza nyuma ya nguzo nisije nikapigwa bakora isiyo yangu. Karani, mgeni wa mbali, akaharakisha amani: akampa mzee kiwanja cha mwanzo wa kijiji kipya, na bibi cha mwisho kabisa.

Bibi akashika kiuno. "Mwanangu, unanitenga na mtani wangu? Nikifa, nani atakuja kunitania mpaka wanangu wanaolia wacheke? Nyumba nitajenga popote, lakini mtani nitamtoa wapi?"

Karani akakuna kichwa, kisha akawapa viwanja viwili vyenye mpaka mmoja.

"Nami nilidhani Serikali imenihurumia," mzee akalalamika, huku akijitwisha mzigo wa bibi. Wakatoka wakitukanana.

Kama mto utakubali kuzibwa, sijui. Ila kijiji kile kina watu tayari, ingawa hakijapata hata paa moja.