Matundu ya Ghala la Wimbi

Mimi nauza saruji Busia, na muuza saruji akiona tundu popote, mikono humwasha. Hiyo ndiyo asili ya aibu yangu kijijini kwetu, Kwapa.

Nyumba yetu ya Kwapa aliijenga babu kwa matofali ya kuchoma, ya udongo wa kichuguu kilichokuwa papo hapo uani. Kuta ni nene kiasi kwamba mtu mzima anaketi dirishani na chai yake asibanwe. Nondo hakuwa nazo, hivyo juu ya kila dirisha aliyapanga matofali kwa upinde, na mpaka leo hakuna hata moja lililoshuka. Ng'ambo ya ua liko ghala, la matofali yale yale, limeinuliwa juu ya nguzo fupi. Ukutani, kila baada ya matofali mawili ameruka moja, tangu chini hadi karibu na bati. Nilikua nikidhani matofali yalimwishia.

Humo mama huweka wimbi wake mwekundu, huo ulezi wa uji na pombe. Mbegu alikuja nayo alipoolewa, na hajapata kununua nyingine.

Mwaka juzi, baada ya mavuno, alilalamika kuhusu panya. Alilalamika tu, kama mtu anavyolilalamikia jua. Mimi na kiherehere changu nikaona nimeitwa kazini. Alipokwenda kumtembelea dada yake kule Rubongi kwa majuma mawili, nilifika na mifuko miwili ya saruji, mwiko na ngazi, nikaziba yale matundu ya ukutani. Ni mstari wa juu kabisa tu ulionishinda, ngazi ilikuwa fupi. Nilijisifu mno.

Mama aliporudi akafungua mlango, harufu ya pombe ikampokea.

"Hii ghala nakunywa?" akacheka, kwa Kiswahili chake cha mpakani. Kisha akatumbukiza mkono kwenye masuke hadi kiwiko, na kicheko kikakatika. Ndani kulikuwa na joto. "Babu yako naacha matundu, wewe nafunga. Sasa wimbi napumua wapi?"

Kumbe masuke huingia ghalani hayajakauka sawasawa. Upepo wa yale matundu ndio huyamalizia. Sikujua. Kila msimu wa mavuno mimi huwa dukani.

Alichukua masuke ya chini, ya katikati na ya juu, akapukusa mbegu, akatandaza mafungu matatu juu ya gunia bichi barazani. Zisipoota, mbegu yake imekwisha. Siku hizo nilishinda na nyundo na tindo nikizibua nilichoziba, na niliogopa hata kulitazama gunia. Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Siku ya nne fungu la chini lilikuwa limelala kama mchanga. La katikati vivyo hivyo. La juu, lililokuwa karibu na mstari ulionishinda, lilikuwa limetoa vijimizizi vyeupe. Nililia palepale barazani, mtu mzima na vumbi langu la saruji.

Alipanda kishamba kidogo tu. Msimu huu ghala limejaa tena, na nilipokuwa naaga akanipa kikapu cha mbegu.

"Nusu nakaa kwako," akasema. "Pahali moja tu si mzuri. Lakini weka penye upepo."

Kikapu kinaning'inia dukani, karibu na dirisha. Kioo cha dirisha hilo nimekitoa mwenyewe.