Maji Yaliyopotea Garini mwa Mwalimu Mbwana

Nakumbuka adhuhuri moja ya jua kali, mwanangu, nilipoona kioo cha gari kikipata ukungu kwa ndani na humo garini hamna mtu. Gari lilikuwa likinguruma uani kwa Fundi Kassim, Ukunda, milango imefungwa. Ukungu ulianzia chini, upande wa abiria, ukapanda taratibu kama mtu anayepumua karibu na kioo. Nilirudi nyuma hatua tatu. Sioni haya kukwambia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimejifunza kazi kwa Fundi Kassim miaka mitatu, na nilijiona nimeiva. Yeye siku hizo alikuwa Tiwi akimuuguza dadake, gereji kaniachia mimi. Gari lilikuwa la Mwalimu Mbwana wa Bodo, mzee mpole aliyesomesha nusu ya watu wa kwao. Mwaka uliotangulia mwanawe Athumani alizama baharini karibu na Funzi, na maiti yake haikuonekana. Mwalimu hakumlilia, akaendelea kuendesha lile gari walilokuwa wakipanda pamoja.

Sasa gari lilikuwa linapoteza maji. Mwalimu hujaza rejeta ya kupozea injini asubuhi, jioni maji yamepungua, na chini ya gari hakuna hata tone. Nilitazama mipira yote ya maji, nikatazama pampu, nikapitisha kidole chini ya rejeta. Pakavu. Oili ilikuwa safi, haikuchanganyika na maji. Nilipofungua mlango wa abiria, harufu tamu ikanijia, kama ya halua iliyoanza kuharibika, na kapeti lilikuwa limelowa chapachapa. Kiti kikavu, mlango mkavu, mvua hakuna. Ni pale tu miguu inapokaa, kana kwamba ameketi mtu aliyetoka majini.

"Umeona?" Mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini. "Kila siku huwa hivyo. Mimi nimeshafahamu ni nani."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipaswa kusema, Mwalimu, mimi sijui, tumngoje Fundi. Lakini niliona aibu kuonekana sijui, tena nilikuwa na hofu, na uso wa yule mzee ulikuwa ukiniomba kitu. Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Basi huenda ndiye anayeyanywa maji, Mwalimu. Wewe mjazie tu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.

Siku ya nne gari likachemsha karibu na Ramisi, yumo yeye na mkewe, Bi Mwanaisha. Mvuke ukafoka chini ya boneti. Kila dereva hujua kungoja injini ipoe, na Mwalimu aliendesha magari tangu ujana wake. Lakini siku ile alishuka mbio, akafungua kifuniko cha rejeta pale pale, na maji ya moto yakamrukia mkononi na shavuni. Wapita njia wakamkimbiza hospitali, Msambweni. Nilipokwenda kumwangalia, Bi Mwanaisha akanieleza nje ya wodi kwa nini aliharakisha.

"Alikuwa akisema, mtoto ana kiu. Mtoto ana kiu."

Sikulala vizuri siku nyingi kwa maneno hayo.

Fundi Kassim aliporudi nilimweleza yote. Hakunigombeza kwa sauti. Aliuliza jambo moja tu. "Kapeti uliliinua?"

"Sikuliinua, Fundi."

"Basi umemfufulia mtu maiti yake, na kapeti hukuliinua."

Gari lilikuwa limevutwa hadi kwetu, lakini alikataa kuligusa mpaka Mwalimu atoke hospitali. Alipokuja, mkono umefungwa bandeji, Fundi akafunga pampu ya kupimia presha pale penye kifuniko cha rejeta, akasukuma hewa. Tukatulia watatu, tukisikiliza. Mshale wa kipimo ukaanza kushuka: hewa ilikuwa ikivuja mahali. Kisha tukaisikia, ndani ya dashibodi, sauti nyembamba kama pumzi ya mtu aliyelala.

"Mwambie wewe," Fundi akaniamuru, na akaliinua kapeti. Chini yake palikuwa na maji ya kijani ya rejeta, yaliyotiwa dawa ya kupozea, yenye utelezi na ile harufu tamu.

Nikamwambia, macho yangu yakitazama chini. Nyuma ya dashibodi mna rejeta ndogo ya hita, ile ya kupashia joto ndani ya gari. Sisi watu wa pwani hatuwashi hita maisha yetu, hata husahau kwamba ipo, lakini maji ya moto huipitia kila siku. Imetoboka. Maji hushuka kapetini, mvuke hupanda kiooni. "Mimi sikuwa najua, Mwalimu. Nilikudanganya."

Fundi akajaza maji, akawasha injini ili Mwalimu aone kwa macho yake. Ukungu ukapanda. Na katikati yake, upande wa abiria, pakabaki wazi umbo la kiganja, vidole vitano, kikubwa kuliko changu. Nywele zikanisimama. Fundi akasogea karibu na kioo, akakikagua.

"Mafuta ya mkono hukaa kwenye kioo," akasema mwishowe. "Ukungu hauchori kitu. Huonyesha kilichokuwapo."

"Hicho ni chake," Mwalimu akasema. "Alikuwa akijishikilia hapo nikikata kona." Akakitazama mpaka Fundi akazima injini. Kisha akanigeukia. "Ungeniambia hujui, ningemlilia mapema."

Tuliichomoa ile mipira miwili iendayo kwenye hita, tukaunganisha njia kwa mpira mmoja mpya, tukakaza klipu, tukatoa hewa iliyobaki ndani. Tulipopima tena, mshale ulisimama. Kapeti likakauka juani siku mbili. Kioo hatukukipangusa, na ukungu haukurudi tena.

Basi mwanangu, gari likipoteza maji na chini hakuna tone, liinue kapeti kabla hujafungua mdomo, na kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa moto. Hayo ni ya ufundi. La utu ni hili: usimpe mfiwa faraja usiyoichunguza. Ataiegemea kwa uzito wake wote, na ikivunjika ataanguka yeye, si wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mficha ujinga huwaunguza wenziwe. Neno "sijui" halijamvunjia mtu heshima.

Mwenyezi Mungu akujaalie mikono myepesi na ulimi mzito, akulinde wewe na utakaowabeba barabarani, na wale waliochukuliwa na bahari awarehemu, awape subira wanaowangoja. Amin.