Kofia ya Ndege na Ngozi ya Papa

Jamani, mimi fundi wa mashua wa kisiwa cha Chovae nimeumbuka. Shemeji yangu Omari alirudi kutoka safari na ndege ya kuchezea, kubwa kama kitanda, ina injini ya petroli. Lakini kila akiiwasha, ile kofia inayofunika kitovu cha pangaboi, lile linalozunguka puani mwa ndege, inateleza.

"Shemeji, niachie mimi," nikamwambia. Nikakata ngozi kavu ya papa, ile tunayosugulia mbao, nikaibana kati ya kofia na pangaboi. Tulipojaribu, kofia iliganda kama kupe. Nikajisifu kisiwa kizima.

Kesho yake watu walijaa ufukweni kuiona ikiruka. Sasa mimi nina mazoea: chombo hakiondoki mikononi mwangu bila kupakwa mafuta ya papa. Nikaifungua kofia nikapaka kila kitu, hata ile ngozi.

Injini ikanguruma. Kofia ikateleza, ikachomoka, ikaangukia mchangani.

"Mchu gani kapaka mafuta hapa?" Omari akauliza kwa lahaja yetu, akimtafuta mtu huyo.

Nikatazama baharini kama mgeni. Paka akaja akailamba kofia, akainua pua, kisha akanyooka moja kwa moja hadi kwenye vidole vyangu.