Mahali Pasipo na Mtu

Kwa miaka minne nilimpikia mzungu mmoja wa Iringa aliyekuwa na nyumba ya mawe, vyumba sita, dohani mbili, na ambaye kila mwaka ukifika mwezi wa sita alivifunga vyote hivyo kwa ufunguo akaenda kulala chini msituni. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Sisi wa Kihesa, pembeni mwa mji, tulikuwa tunahangaika kufyatua tofali ili tupate walau chumba kimoja kisichopitisha upepo. Yeye upepo aliufuata kwa gari.

Tena aliutaka wa bure. Njia yote kutoka Iringa hadi Mbeya serikali ilikuwa imeweka nyumba za kupumzikia wasafiri, zenye kitanda cha kamba, meko na mzee wa kuteka maji. Bwana alizipita kama mtu anayepita gereza.

"Ile nyumba iko kitabu ya kuandika jina," aliniambia siku ya kwanza. "Mimi napenda msitu. Hapana lipa, hapana omba ruhusa, hapana mtu."

Kiswahili chake kilikuwa hicho cha jikoni, nami nilikuwa na changu cha kumjibia. "Ndiyo, Bwana."

Alikuwa na daftari lenye jalada jekundu. Kila mahali tulipopiga hema aliandika maji yako mbali kiasi gani, kuni zipo au hazipo, gari linaishia wapi, na kama kuna watu karibu. Penye watu palipata alama mbaya. Alikuwa na nia ya kulichapisha siku moja, liwe kitabu cha kuwaongoza wazungu wenzake waliokuwa na nyumba nzuri na hamu ya kuzikimbia. Vijito alivipa majina ya mbwa wake. Kuna kijito kule Mufindi ambacho watu wanakiita kwa jina lake la asili tangu enzi za mababu zao, lakini mle daftarini kina jina la mbwa aliyekufa kwa kichaa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemzika.

Mkewe alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikulia kwenye shamba huko Kenya na Kiswahili chake kilikuwa safi kunishinda mimi, maana changu kilikuwa na Kihehe ndani yake. Lakini alisema kidogo. Alikaa kwenye kiti cha turubai na kuchora maua, na mumewe alipoanza kusifia ukimya wa msitu, kwa sauti ya kufukuza ndege, yeye aliinamia karatasi yake.

Safari ya kwanza ndiyo iliyonifundisha kumdharau. Tulikuwa maeneo ya Mufindi, jua limeanza kulala, akachagua bonde dogo kando ya maji kwa sababu lilikuwa la kupendeza. Nilimwambia baridi ya huku hushuka kama maji, hukusanyika bondeni, na kwamba tukipanda hatua mia mbili tu tutalala vizuri. Akacheka.

"Wewe mpishi. Mimi kambi nyingi sana."

Asubuhi hema lilikuwa gumu kama ubao. Maji ya ndoo yalikuwa yameganda, nikayavunja kwa kisu cha nyama ili nichemshe chai. Mkewe alikohoa siku tatu. Bwana aliandika daftarini kwamba mahali pale panaburudisha.

Baada ya hapo nikaona, kwa usalama wa mapafu yangu, heri nimtafutie mimi. Nikawa hodari kweli. Nilijua kutopiga hema chini ya mti wenye matawi makavu. Nilijua kutazama ardhini kama kuna njia ya siafu, na kuacha nyasi ndefu za kijani kibichi ambazo chini yake ni tope. Lakini siri yangu kubwa ilikuwa moja tu: niliuliza. Gari likisimama nilishuka nikisema naenda kujisaidia, nikawafuata akina mama waliobeba kuni, nikawauliza wapi pana maji safi na uwanja. Kisha nikarudi, nikamwongoza Bwana kwa kuzungukazunguka kidogo kati ya miti ili aone kwamba tunagundua. Alipotokea uwanjani alinyoosha mikono na kusema, "Hapa hapana mtu amefika!" Nami nilikuwa naona jiwe la kunolea mapanga limelala pale, limechimbika katikati kwa miaka ya kutumika.

Nilimcheka moyoni. Nilimcheka kila siku, nikipika uji, nikiosha masufuria kwa majivu, nikikunja godoro lake la upepo ambalo usiku lilikuwa limetoboka tena. Na sikumcheka yeye peke yake. Sisi watu wa Iringa tulikuwa na majivuno yetu, na mimi, niliyezaliwa karibu na Kalenga, palipokuwa makao ya machifu wetu, nilikuwa nayo zaidi ya fungu langu. Tulipofika upande wa Mbeya niliwaona Wasafwa wa milimani, na viazi vyao na blanketi zao za kufunga begani, nikawaona washamba. Lugha yao niliijua kiasi, kwa kuwa kabla ya hapo nilipika miaka miwili kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, na wabeba kuni wetu walikuwa watu hao. Nilikisema Kisafwa kama mtu anayeshika kitu kichafu kwa vidole viwili.

Safari ya mwaka wa nne tulivuka Uyole, tukapanda barabara ya Tukuyu hadi karibu na Isongole, kisha Bwana akaingiza gari kwenye njia ya wakata mianzi ndani ya msitu wa Uporoto. Mara hii sikumpata mtu wa kumuuliza. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Tuliacha gari, tukatembea, na baada ya mianzi kuisha tukatokea mahali ambapo hata mimi nilisahau kumcheka. Ulikuwa uwanja mpana, tambarare, nyasi fupi laini, miti mikubwa imeuzunguka pande zote, na kijito kinasikika chini kidogo. Hapakuwa na kisiki. Hapakuwa na jivu la moto wa zamani.

"Hii," Bwana alisema kwa sauti ndogo, "ni namba moja."

Nilikwenda garini na kurudi mara tano nikibeba mizigo. Nilipigilia vigingi ishirini na viwili. Nikachukua jembe nikaenda upande wa juu wa uwanja kuchimba choo, na nilikuwa nimekata nyasi tu niliposikia mtu ananiita.

Alikuwa mama mzee, mgongoni amebeba mzigo wa mianzi mibichi. Aliutua chini polepole, akanyoosha kiuno.

"Mwanangu, usichimbe hapo," alisema kwa Kisafwa.

"Kwa nini, Mama?"

"Mwaka wa surua tuliwalaza watoto hapa. Kule majumbani nafasi iliisha, na watu waliogopa. Uwanja huu wote ni wao. Waambie wageni wako wahame. Kule ng'ambo ya kijito ni pazuri vilevile, nitakuonyesha."

Niliangalia jembe. Niliangalia hema, limesimama vizuri, kamba zimekazwa. Nilifikiria kung'oa vigingi vyote, kuvuka kijito na masanduku ya vyombo, kupigilia tena kwenye ukungu ule. Bwana alikuwa anakuja, mikono mfukoni.

"Nasema nini, yule mama?"

"Anasema karibuni, Bwana," nilijibu. "Anasema maji ya hapa ni mazuri."

Bwana akavua kofia na kumwinamia. Mama mzee, asiyejua Kiswahili, akamtazama, akanitazama mimi. Alidhani ujumbe umefika, na kwamba ile kofia ilikuwa jibu. Akaurudisha mzigo wake mgongoni akaenda. Choo nilikwenda kukichimba mbali, ndani ya miti, nikajiona nimefanya vya kutosha.

Nilipokuwa nawasha moto mke wa Bwana alikuja kusimama karibu nami.

"Yule mama alisema karibuni?"

"Ndiyo, Mama."

"Hakuwa na uso wa karibuni," alisema. Mimi nikapuliza moto, ingawa ulikuwa umeshawaka, naye akarudi kwenye kiti chake.

Asubuhi nilitoka kuteka maji nikawakuta. Walikuwa wanawake, wapatao thelathini, wazee na wa makamo, wameketi kwenye nyasi kulizunguka hema, na wote wametupa mgongo. Hawakuimba, hawakulia, hawakuzungumza. Umande ulikuwa umelowesha blanketi zao, maana yake walikuwa wamekaa muda mrefu. Nilipita katikati yao na ndoo yangu na hakuna aliyegeuza shingo.

Bwana alitoka na sabuni mashavuni, wembe mkononi. Alifurahi. "Wanataka dawa," akasema, akaingia akatoka na kopo la kwinini na kopo la peremende. Akawazungukia mmoja mmoja, akiwanyooshea peremende. Kila alipofika mbele ya mtu, mtu yule alitazama chini. Alipomaliza mduara ile furaha ilikuwa imemtoka, na sabuni ilikuwa imekauka.

"Wanataka nini hawa? Uliza."

Sikuuliza. Yule mama mzee alisimama, akanijia.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia, Mama."

Alinitazama usoni. Kisha akaniacha, kama mtu anavyoacha njia iliyofungwa na mti, akaenda moja kwa moja kwa mke wa Bwana. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Mama mzee aliinua kiganja chake hewani, usawa wa goti, kama tunavyoonyesha kimo cha mtoto. Akakishusha mpaka chini, akakilaza kwenye nyasi. Akasogea hatua mbili, akainua kiganja, sasa chini kidogo ya goti, akakilaza. Akasogea tena. Alikwenda hivyo akiufuata uwanja, akiinua na kulaza, na mahali pengine vimo vilikuwa viwili pamoja. Alipofika penye hema alilaza kiganja chake juu ya turubai.

Mke wa Bwana alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Alisema maneno machache ya Kiingereza kwa mumewe bila kumtazama. Kisha akapiga magoti akaanza kung'oa kigingi cha kwanza kwa mikono mitupu.

Hapa nilitegemea Bwana aseme neno la kunipa haki ya kuendelea kumdharau. Nilimngoja aseme mbona hakuna misalaba, mbona hakuna alama, yeye angejuaje. Hakusema. Uso ulimwiva, akafuta sabuni kwa mkono wa shati, akabeba sanduku la vyombo kichwani, sanduku nililokuwa nalibeba mimi siku zote, akalipeleka garini. Akarudi akachukua godoro. Akarudi akachukua jiko. Alitembea kwa ncha za viatu, mzungu mnene yule, kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Laiti angegomba. Ningejua pa kumweka.

Mama mzee alinipa mimi kazi yangu. Alinionyesha tundu la kigingi, kisha udongo. Nikaelewa. Nilifukia matundu ishirini na mawili kwa vidole, nikiyashindilia na kurudisha nyasi juu yake, naye akanifuata nyuma kwa hatua, tundu kwa tundu. Jivu la moto nililibeba kwenye ndoo hadi nje ya msitu. Wanawake walikuwa wamegeuka sasa. Walikuwa wananitazama mimi tu. Mmoja wao, wa makamo, aliniuliza, "Wewe ni wa wapi?"

Ningeweza kusema Kalenga. Siku nyingine zote nilikuwa naisema bila kuulizwa.

"Mbali," nilijibu.

Tukashuka mpaka Uyole. Hapo Bwana alisimamisha gari pembeni, akazima injini, akageuka nyuma nilipokaa kati ya masanduku.

"Yule mama alikwambia jana?"

"Ndiyo, Bwana."

"Kwa nini hapana sema mimi?"

Nilitafuta jibu lenye heshima. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, nina mke na watoto wawili, na katika miaka minne nilikuwa nimemkusanyia mtu huyu makosa ya kutosha kujaza daftari lake jekundu. Hakuna hata moja lililonifaa.

"Nilikuwa nimeshapigilia vigingi," nilisema.

Mkewe alifumba macho. Bwana akawasha gari.

Walinishusha Mbeya, sokoni, na barua ya kunisifu mapishi. Nilimwomba mwenye lori la viazi anibebe, nikafika Kihesa siku ya pili, nywele zimejaa vumbi jekundu. Mke wangu aliuliza mbona nimerudi kabla ya wenye safari. Nilimwambia nimeacha kazi mwenyewe, kwamba Uporoto ni baridi mno na yule mzungu hana akili. Alinipokea mzigo, akaniwekea maji ya kuoga, akaniuliza kule Wasafwa ni watu wa namna gani.

"Ni watu wakimya," nilisema, nikaingia kuoga.