Mikono Aliyorudi Nayo Mpwa Wangu

Mpwa wangu ni kiziwi tangu kuzaliwa, na ni msusi. Nimeanza na uziwi kwa sababu watu wote huanzia hapo. Yeye mwenyewe angeanza na ususi. Wateja wanamgombania. Mwanamke akikaa kwenye kiti chake atamsema mumewe, atawasema mawifi na jirani, kisha atainuka kichwa kimependeza na siri zake zote zipo palepale. Kazi ile nilimtafutia mimi. Akili pia kairithi kwangu, mjomba mtu. Ubishi ni wa baba yake.

Mama yake ni dada yangu mkubwa, mpishi wa hospitali. Tangu binti anatambaa, wawili hao walikuwa na lugha yao ya mikono, waliyojitungia jikoni. Lugha ya alama ya shule ilikuja baadaye, ikakaa juu ya ile ya kwanza kama kitambaa juu ya meza. Mimi kwenye lugha ya jikoni ni bingwa. Ukivuta shavu, umenitaja mimi, kwa sababu ambazo hazikuhusu.

Basi shirika moja likawa linatafuta viziwi wa kujitolea kwenda ng'ambo, kwenye nyumba ya kutunzia wazee viziwi. Mshahara hakuna, ni nauli, chakula na kitanda. Dada akaja juu.

"Bure? Nchi za watu? Kwani hapa vichwa vimekwisha?"

"Wewe umeshamfunza," nikamwambia, "sasa mwachie ulimwengu umalizie."

Binti akamaliza ubishi kwa mikono yake: "Maisha yangu yote nasaidiwa mimi. Safari hii nataka kusaidia."

Akaenda, akakaa mwaka, akarudi amenenepa kidogo. Asubuhi ya kwanza mama yake anammiminia chai, binti akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu, akabonyeza dole gumba katikati yake. Akatulia, kama anayesubiri mlango ufunguliwe.

"Nini?" dada akauliza kwa mikono.

Binti akapepesa macho kama mtu aliyeamshwa. "Samahani," akasema. Akavuta kikombe chake.

Ikawa ndiyo kawaida. Saluni, katikati ya kusuka, anasimama, anavuta mkono wa mteja, anauchorachora kiganjani. Mwalimu mmoja aliondoka nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama. "Nimekuja kusukwa," alifoka, "sikuja kupigiwa ramli!"

Dada akanifuata. "Mwanangu amerudi na mikono ya mtu mwingine."

"Ni ileile, nimeikagua."

"Acha masihara, wewe. Nikimwongelesha ananijibu vitu nisivyovijua. Mimi ndiye niliyekuwa na mtoto huyu kabla hajawa na mtu mwingine yeyote. Leo nakaa naye mezani kama nimekaa na mgeni. Nitampoteza humu humu ndani, akiwa amekaa mbele yangu."

Nilipoona machozi, nikamwita binti jikoni, nikavuta kiti kama hakimu. Nikamuuliza.

Akasimulia polepole. Kule kulikuwa na bibi ambaye hakuna aliyeweza kuongea naye. Yeye na dada yake walizaliwa viziwi wote wawili, shule hawakuiona, wakajitungia maneno yao. Baadaye yule dada akapofuka, basi maneno yote yakahamia viganjani. Kisha dada huyo akafa. Bibi akabaki anashika mkono wa kila anayepita, na wahudumu wanadhani anasalimia. Wanamtikisa mkono, wanatabasamu, wanakwenda zao.

"Siku namchana nywele," mpwa wangu akasema, "mkono wake ukaja juu ya bega, ukanishika. Mimi mkono unaoongea siwezi kuuacha hewani."

Akajifunza, neno moja moja. Dole gumba kiganjani maana yake, "Upo?" Ukilifumbata ndani ya ngumi umejibu, "Nipo."

"Mwishoni alisahau kwamba dada yake amekufa. Alikuwa ananishika mimi, anamuuliza yeye. Nikajibu, nipo. Kila akiuliza, nipo. Alikata roho dole lake likiwa ndani ya ngumi yangu." Akatazama mkono ule. "Bado anauliza. Nikisuka, nikila, nalisikia dole. Nisipojibu mimi, nani atajibu? Duniani nimebaki mimi tu ninayejua."

"Mwambie marehemu saluni imefungwa," nikasema. Binti akacheka kidogo. Dada hakucheka.

Mimi si mtu wa kutishwa na vidole. Nikanyoosha kiganja: "Haya, na aniulize mimi."

Binti akabonyeza. Alikuwa ametoka tu kushika kikombe cha chai ya moto, lakini dole lilikuwa la baridi. Na lilisubiri. Nimewahi kuumwa na mbwa, nikamuuma na mimi. Siku ile nilirudisha mkono haraka, nikautia mfukoni.

Dada akafuta mikono kwenye aproni, akaweka kiganja chake pale changu kilipokuwa. "Nifundishe."

"Mama, ukishajua hutaweza kuacha."

"Nani kazungumzia kuacha? Huyo bibi hanichukulii mtoto nikiwa namtazama. Akija, atanikuta na mimi."

Wakaanza palepale, sufuria likaungua.

Siku hizi ukiingia utawakuta magoti yamegusana, viganja juu ya viganja, wanacheka mpaka wanafuta machozi. Dada ananenepa, usingizi umerudi, mwanawe amempata. Ila mara nyingine wanacheka kabla yeyote kati yao hajasogeza kidole. Nikiuliza nini cha kuchekesha, dada ananiambia ni jambo la zamani, hata sisi hatujazaliwa.

Jumapili nilikwenda kula. Dada, bila kuachia mikono ya binti, akaniambia, "Lete viti viwili."

Nikatazama meza. Tulikuwa watatu, na viti vitatu. "Vya nani?"

"Lete tu. Na uviweke pamoja, hawapendi kutenganishwa."

Nikavileta. Binti akainuka, akakivuta kimoja nyuma kidogo, kama anayemsaidia mzee kukaa, kisha akakisogeza mezani taratibu. Wote wawili wakanigeukia, wakasubiri.

Nami, ambaye hata msibani hunyamazishwa kwa kupewa chakula, nikaviinamia kwa adabu viti vile viwili vitupu.

"Karibuni," nikasema.