Kipande Kilichobaki Maabara

Kazi yangu ni kuyapa magonjwa alama. Daktari wa maabara yetu, hapa Bujumbura, akishasoma kipande cha nyama ya mgonjwa kwenye hadubini, mimi naingiza herufi na namba zake kwenye kompyuta. Seli za uke wa nje zikibadilika kidogo au kwa wastani, hupata N. Zikiharibika unene mzima wa ngozi, hupata D, jirani ya kansa, ingawa kansa yenyewe bado haijafika.

Mama mdogo alipata D. Mficha uchi hazai, wasema, ila yeye alizaa na kuficha vilevile. Alijikuna miaka na miaka, akipaka mafuta ya habasoda, hadi nikamkokota kwa daktari wa wanawake, aliyekata sehemu ya baka jeupe na kututumia. Sasa ilibidi baka lote litolewe kabla halijageuka. Akakataa.

"Mi siende operesheni," alisema, nyumbani kwake Cibitoke. "Kipande yangu haijazikwa."

Kwetu Waislamu kinachokatwa mwilini huzikwa, hata kucha. Nalijua hilo. Nilikasirika hata hivyo, nikamwambia anachezea roho yake.

"Tena inaniwasha," akasema. "Apana hapa. Inawasha kule mulikoipeleka."

Nilicheka. Kesho yake daktari wa maabara aliagiza kipande kikatwe tena, aone kama seli zimevunja mpaka wa ngozi na kuzama ndani. Fundi alipoanza kuzungusha mashine, nta iliyogandishiwa kipande ikitoka kama utepe mwembamba, simu yangu ililia.

"Mwanangu," mama mdogo alisema taratibu, "mbona munanikata tena?"

Sikuwa nimemwambia. Niliogopa, na sioni haya kusema. Nilimtazama fundi, mkono wake bado ulikuwa unazungusha mashine.

Mpaka haukuwa umevunjwa, alama ikabaki ile ile. Nilimwendea daktari wetu kumwomba kipande. Kilichogandishwa kwenye nta lazima kitunzwe, alisema, lakini nusu ya kipande iliyosalia kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhia tungeweza kuichukua. Tuliisuuza pale pale maabara.

Mama mdogo alikifunga kipande chake katika kitambaa cheupe, akachimba mwenyewe nyuma ya nyumba. Nilitarajia dua ndefu. Aliinama, akakiambia kama anayemuaga mdogo wake:

"We tangulia. Mi bado."

Akafukia, akapangusa mikono, akaniuliza operesheni ni saa ngapi.