Siku Kumi na Nne za Kuwa Mgeni

Nilipofikisha miaka kumi na tano nilikuwa nimekwisha kurudishwa na familia mbili, kama sufuria iliyonunuliwa sokoni ikakutwa inavuja. Nasema hivyo bila uchungu. Familia ya kwanza ilinirudisha kwa sababu nilivunja kioo cha kabati. Ya pili, ya mtaa wa Kinindo, kwa sababu nilikimbia mara tatu, na mara ya tatu nilirusha sahani ukutani kabla ya kutoka. Ugonjwa wangu ndivyo ulivyo. Woga unapanda polepole, naacha kusema, siku moja, mbili, hata nne, halafu mikono yangu inafanya jambo ambalo mimi mwenyewe nasikia habari zake baadaye. Nakunywa dawa asubuhi na jioni. Zinasaidia. Hazitoshi.

Mtu aliyekuwa na kazi ya kunitafutia pa kukaa tulimwita Madamu. Kazi yenyewe ilikuwa kuwakalisha kwenye meza moja watu ambao bila yeye wasingekutana: muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya akili, mwalimu wangu, familia inayonipokea, na mimi. Dosiye yangu, yaani faili lenye habari zangu zote, aliifunga kwa ukanda wa raba kwa sababu ilikuwa imenenepa kupita kiasi. Kila kikao alimwelekezea kalamu mmoja mmoja na kuuliza: "Na wewe, wiki hii unafanya nini?" Ukijibu "tutaona", anakungoja, kalamu hewani, mpaka useme kitu cha maana. Hata muuguzi alimwogopa.

Siku aliyokuja kunitoa Kinindo aliniambia ukweli ndani ya gari, macho yake barabarani, maana alijua sipendi kutazamwa.

"Sikiliza, mwanangu. Nimepata familia mtaa wa Cibitoke. Siku kumi na nne za kujaribu. Zikienda vizuri, unabaki. Zikienda vibaya, sina mlango mwingine wa kubisha. Ni kile kituo cha milimani."

Kituo cha milimani nilikijua, nilikaa huko kabla ya familia ya kwanza. Si watu wabaya. Lakini milango inafungwa kwa nje, na shule hakuna. Mimi nilitaka shule. Nilikuwa wa pili darasani kwa hesabu, na hilo ndilo jambo pekee kwenye dosiye lililonipendeza.

Baba wa Cibitoke ni fundi wa magari, garaji yake iko uani. Mama anauza vitenge asubuhi, mchana yuko nyumbani. Wana binti wa miaka kumi na miwili ambaye hafungi mdomo hata akilala. Ni Waislamu wa mjini tangu enzi za babu zao. Mimi ni Mkatoliki, na Jumapili ya kwanza Mama mwenyewe alinisindikiza mpaka mlango wa kanisa, akaningojea nje chini ya mwavuli.

Madamu aliwaachia karatasi ya mpango wa usalama, wakaibandika nyuma ya mlango. Mstari wa tatu ulisema visu vifungiwe, na nisiachwe jikoni peke yangu. Waliutii kama aya. Baba alikusanya visu vyote akavifungia kwenye sanduku la spana, huko garaji. Kwa hiyo kila siku kabla ya chakula tulisikia:

"Baba we! Leta kisu!"

"Kipi?"

"Cha kitunguu!"

"Ngoja, niko chini ya gari!"

Mteja mmoja aliuliza kama hapa wanatengeneza magari ama wanachinja mbuzi.

Na mimi nilikuwa mgeni. Nilipewa sahani yenye maua, nikapakuliwa wa kwanza, kipande kikubwa cha nyama kikawa changu. Nikishika ufagio, unatolewa mkononi mwangu kwa tabasamu. "Apana, apana, we pumzika." Lakini binti yao aligombezwa tangu alfajiri. "We mutoto, maji iko wapi? We mutoto, unaosha sufuria ama unaibembeleza?" Nililala kitandani nikisikiliza, nikamwonea wivu. Naona haya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliona wivu juu ya sufuria.

Siku ya nane niliacha kusema. Wote waliona. Nilimsikia Mama kupitia ukuta akimpigia Madamu simu, sauti chini: "Anakula vizuri, hatumugusi, hatumusumbui na kitu. Sijui tumekosa wapi."

Siku ya tisa sikuenda shule. Jirani alikuwa amerudi na mtoto mchanga, Mama akaitwa kwenda kumpongeza. "Dakika tano tu," alisema, akatoka. Baba alikuwa chini ya gari. Mikono yangu ilikuwa imeanza; naijua dalili, ni kama mchwa wanatembea kutoka kwenye kiwiko. Nikaingia jikoni. Kulikuwa na fungu la majani ya muhogo sakafuni, ya kupikia isombe, na kinu pembeni. Sikuwa nimekusudia wema wowote. Niliushika mchi kwa sababu ulikuwa mzito.

Nikatupa majani ndani, nikatwanga.

Mama aliniambia baadaye kwamba kule kwa jirani walidhani nabomoa ukuta. Alikuja mbio, mtandio mkononi, majirani wawili nyuma yake. Baba naye akatokea na spana, uso mzima grisi. Wakasimama mlangoni. Mimi nikasimama na mchi juu, mashavu yamejaa rangi ya kijani. Nikafikiri: basi, ni milimani.

Mama akasogea, akachungulia ndani ya kinu.

"Uliosha?"

Nikatikisa kichwa.

"Subhanallah! Hakuosha! Na vijiti vyake ameacha ndani! Hii ni isombe ama chakula ya mbuzi? Nani alikufundisha, hm? Toa yote! Toa, osha, anza upya!"

Baba akasema kwa upole, "Mama, mupango unasema..."

"We rudi chini ya gari yako!"

Majirani wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nikatoa yote, nikaosha, nikaanza upya. Mama aliketi kwenye kigoda akichambua vijiti na kunisema bila kupumua: unapiga kama unaua nyoka, inama, usinyunyize kwenye ukuta wangu. Wale mchwa walishuka mkononi, wakaisha. Sijui ni muda gani ulipita. Nilisikia sauti yangu ikiuliza kama mawese yapo.

"Aa, kumbe mudomo unao," Mama akajibu. "Iko chini ya meza. Na usimwage."

Jioni Baba alifungua daftari ambalo Madamu aliliacha pamoja na ile karatasi ya mpango. Kila kosa lilipaswa kuandikwa humo.

"Musiandike!" binti alisema. "Nani ataona?"

"Mungu ataona," Mama akasema, "na Madamu ataona. Sijui nimuogope nani mbele."

Baba akaandika: *Aliachwa jikoni peke yake. Alitwanga.* Nilisoma maneno hayo nikichungulia nyuma ya bega lake. Mazuri, ya kweli, na yangeweza kunirudisha kwenye milango inayofungwa kwa nje.

Siku ya kumi na nne tulikaa kwenye ofisi ya Madamu, chupa za Fanta mezani. Muuguzi alisoma daftari mara mbili.

"Mstari wa tatu niliuandika mimi," alisema. "Sikuuandika kwa ubaya. Je, kama angeshikwa na hali yake akiwa na mchi? Mchi ni mzito kuliko kisu."

Ilikuwa kweli. Kisha Baba akakohoa.

"Muuguzi, tulikosa, lakini tulikosa kwingine. Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi ya tatu tulificha jembe, tukaficha na kisu."

Mwalimu alicheka. Muuguzi hakucheka. "Methali si dawa, mzee wangu."

Madamu akanielekezea kalamu. "Na wewe?"

Vikao vyote vya nyuma nilijibu kwa karatasi. Naandika vizuri kuliko ninavyosema. Hata siku hiyo nilikuwa nazo kurasa mbili mfukoni, nilizoziandika usiku kucha. Nilizitoa. Halafu nikaona kitakachofuata: muuguzi atazisoma kwa sauti yake, zitaingia kwenye dosiye, raba itafungwa. Nikazikunja. Nikaitazama chupa ya Fanta, nikasema:

"Kinindo sikuwahi kuosha sahani hata moja. Ile niliyorusha ndiyo ya kwanza kuishika ikiwa chafu."

Nikaendelea, kwa kuwa ningenyamaza hapo nisingeweza tena.

"Mtu anayehudumiwa kila siku anajua ataondoka. Mimi nilikuwa naondoka kabla sijaambiwa. Hapa Mama akinigombeza, woga unashuka. Sijui kwa nini. Andikeni tu kwamba unashuka."

"Unashuka mpaka wapi?" muuguzi akauliza. Hakuwa ananitega. Alitaka kujua.

Nikaweka kiganja tumboni, chini ya mbavu. "Mpaka hapa. Haumaliziki. Lakini hapa naweza kusema."

Akaandika. Aliandika muda mrefu.

Madamu akaukata mstari wa tatu kwa kalamu, akaanza kupanga upya, akizungusha kalamu. Mama: apike nami kila siku, visu virudi jikoni, mkononi mwake. Mimi: mikono ikianza, nigonge mlango mara mbili, hata kama sina maneno. Mwalimu: kiti karibu na mlango, ruhusa ya kutoka bila kuomba. Muuguzi: aje Cibitoke kila Alhamisi. Mama alitaka iandikwe kwamba nabaki moja kwa moja. Muuguzi alisema miezi mitatu, halafu tukae tena.

"Mitatu!" Mama akasema. "Isombe yenyewe hajajua bado!"

Ikawa mitatu, na kila ilipokwisha tulikaa tena. Sasa nina miaka kumi na saba na bado niko Cibitoke. Sitaki kudanganya: katikati hapo nilikimbia mara moja, nikafika mpaka bandarini, nikatazama watu wakishusha magunia ya simenti, nikarudi kwa miguu yangu kabla ya magharibi. Yule muuguzi hakuwa mjinga kuogopa. Lakini kurudi mwenyewe, hilo halikuwa limewahi kuandikwa kwenye dosiye yangu.

Siku ile ya Fanta, Madamu alizungushia kila mmoja karatasi mpya. Chini ilikuwa na nafasi ya familia, ya mwalimu, ya muuguzi, na moja zaidi ambayo zamani haikuwepo. Baba alisaini akaacha alama ya kidole cha grisi. Mwalimu alisaini kwa mkokoto mmoja wa kalamu, kama watu wanaosaini kila siku. Karatasi ilipofika kwangu nikagundua sina saini. Sikuwahi kuombwa. Nikaandika majina yangu yote, polepole, kwa mwandiko wa mtihani, kisha nikaongeza tarehe, maana mwalimu alininong'oneza kwamba bila tarehe haihesabiki.